Usiku Huu Atalala Wapi?

Hotuba hii niliitoa jioni ya Oktoba 1, hapa Hakaniemi, Helsinki, mbele ya Waswahili tunaoishi Ufini. Wengi wenu mlikuwa kwenye zamu, wengine mlikosa wa kumwachia watoto. Nimeiandika yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mama zangu na baba zangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, habari za jioni. Na ninyi watoto mliokaa kwenye zulia pale mbele, asanteni kwa utulivu, juisi zinakuja.

Mmeziona bendera leo? Mjini kote wamepandisha bendera nyeupe yenye msalaba wa buluu. Mmejiuliza ni za nini? Sikukuu yao ya uhuru ni Desemba 6, bado hatujaifikia. Leo hakuzaliwa mfalme, wala hawakushinda wala kushindwa vita tarehe hii. Bendera za leo zimepandishwa kwa ajili ya hausigeli.

Narudia, maana mimi nilipoambiwa mara ya kwanza niliomba nirudiwe. Bendera za leo zimepandishwa kwa ajili ya hausigeli. Dada wa kazi. Yule ambaye kwetu anaitwa "wewe" mpaka jina lake linasahaulika, na siku akiondoka watoto tu ndio wanaolia.

Jina lake ni Miina Sillanpää. Ukitoka hapa, ukapita soko la Hakaniemi na kushuka kwenye maji, utakuta mnara wa kumbukumbu yake ulio kazi ya mchongaji Aimo Tukiainen, umesimama pale tangu 1968. Unaitwa Soihtu, yaani Mwenge. Sisi Watanzania neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Kuna na mtaa wenye jina lake papa hapa. Wengine mnaupita kila alfajiri mkienda kupiga deki maofisini, na hamjui mnapita kwa nani.

Wenzangu wa Tanzania wakisikia mwanasiasa wa Ufini wanamtaja Martti Ahtisaari, kwa sababu alikuwa balozi Dar es Salaam kuanzia 1973 hadi 1976, kabla hajawa rais wa nchi hii. Ni sawa. Lakini Ahtisaari alikuja kwetu na pasi ya kibalozi. Mimi nataka kuwaeleza habari za mwanamke aliyeingia mjini na furushi.

Nimesoma habari zake kwa miaka kadhaa, kwa Kifini changu cha kuungaunga mwanzoni, baadaye kwa Kifini kilichonyooka kidogo. Katika maisha yake yote ya siasa naona swali moja. Alilibeba akiwa na miaka 32 na alilibeba akiwa na miaka 76. Swali lenyewe ni hili: usiku huu atalala wapi?

Kwanza niwaambie kwa nini swali hilo linanikamata mimi.

Nilitoka Iringa nikiwa na miaka 14, nikapelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Nyumba siitaji. Nilikuwa nalala stoo, kwenye godoro lililokaa juu ya magunia ya mchele, na nilijifunza kutogeuka usiku kwa sababu magunia yaliteleza. Siku moja niliangusha jagi la kioo. Lilikuwa la mchoro wa maua mekundu, zawadi ya harusi ya mwenye nyumba. Saa tatu usiku nikaambiwa nitoke. Nikatoka na kanga mbili na mfuko wa rambo wenye sare yangu ya shule, ile niliyokuwa nimeahidiwa kwamba ningeivaa tena.

Sikiliza vizuri. Sikulia kwa kupoteza kazi. Mshahara wenyewe nilikuwa sijalipwa miezi miwili, ningelilia nini? Nililia kwa sababu niliposimama getini nilitambua kwamba sina pa kulala. Kazi ndiyo ilikuwa kitanda. Kazi ikiondoka, na kitanda kinaondoka. Nilitembea mpaka stendi ya Ubungo, ile ya zamani, na mama ntilie mmoja aliyekuwa anafunga masufuria yake akanitandikia gunia chini ya benchi. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Lala, saa kumi nakuamsha, nataka kuwasha jiko."

Mfanyakazi mwingine akifukuzwa anarudi nyumbani kwake kufikiria. Mfanyakazi wa ndani akifukuzwa anafukuzwa mara mbili, dakika ileile. Wangapi humu wanalijua hilo? Naona mikono. Naona na ambao hawakunyoosha.

Sasa twende kwa Miina.

Alizaliwa Juni 4, 1866, kijijini Jokioinen, kusini magharibi mwa nchi hii, kwa jina la Vilhelmiina Riktig. Watoto walikuwa tisa. Mwaka aliozaliwa ndipo ilipoanza njaa kubwa iliyokwenda mpaka 1868 na kuua takriban watu 150,000 katika nchi iliyokuwa na watu chini ya milioni mbili. Watu walisaga magome ya misonobari wakachanganya na unga wa mkate. Najua tunapenda kusema Wafini wamezaliwa wameshiba. Dada zangu, mabibi wa hawa tunaowaosha vyombo walikula magome ya miti.

Akiwa na miaka 12 aliingia kiwanda cha pamba cha Forssa. Miaka 12! Baadaye akafanya kazi kwenye kiwanda cha misumari. Shule aliyoipata ilikuwa ya kuokoteza, ya mwalimu wa kuzunguka vijijini na ile ya watoto wa kiwandani. Akiwa na miaka 18 akaenda Porvoo kuwa mtumishi wa ndani, na huko akaanza kujiita Sillanpää. Kwa Kifini silta ni daraja na pää ni kichwa au mwisho. Mwisho wa daraja. Kisha akaja Helsinki, kwenye nyumba za watu wenye uwezo.

Hebu tuliangalie jiji la wakati ule. Pale nje kuna daraja linaitwa Pitkäsilta, Daraja Refu. Upande wa kusini walikaa wenye mali na wenye vyeo. Upande huu wa kaskazini walikaa wafanyakazi. Mpaka leo Wafini wa siasa za kushoto wanasema "kaskazini mwa daraja" na kila mtu anaelewa. Lakini mtumishi wa ndani hakuwa wa upande wowote. Mchana na usiku alikuwa upande wa kusini, na wengi wao walilala jikoni kabisa. Kitanda kilivutwa kutoka kwenye benchi au kabati baada ya wenye nyumba kumaliza kula, na kikarudishwa alfajiri kabla ya kuwasha jiko. Chumba hana, mlango hana, saa ya kumaliza kazi hana. Kengele ikilia usiku anaamka.

Na sheria ilisemaje? Sheria ya watumishi ya 1865 ilimweka chini ya mamlaka ya bwana wa nyumba. Mkataba ulikuwa wa mwaka mzima. Ukiingia umeingia, mpaka vuli irudi. Ukitoroka, ulikuwa unaweza kusakwa na kurudishwa. Wapo humu dada zetu waliopita Muscat au Dubai kabla ya kufika huku kwenye baridi. Wao wanajua maana ya pasi yako kulala kabatini kwa bosi, imefungiwa na funguo, na wewe umelala sakafuni. Sihitaji kuwatafsiria sheria ya 1865.

Mwaka 1898 watumishi wa Helsinki walianzisha chama chao, na Miina alikuwa mmoja wa waanzilishi, kisha akawa kiongozi wake kwa miaka mingi. Sasa nawauliza: chama cha watumishi wasio na kitu, kikipata senti zake za kwanza, kinafanya nini? Kinachapisha katiba? Kinanunua bango?

Walifungua nyumba. Nyumba ya watumishi, yenye vitanda, na pamoja nayo ofisi ya kutafutia watu kazi. Msichana aliyefukuzwa saa tatu usiku alikuwa na mlango wa kugonga. Msichana aliyeshuka kutoka kijijini hakulazimika kukubali kazi ya kwanza aliyoitiwa kwa kuogopa giza.

Mnaona akili iliyokuwa hapo? Mimi nimeitafakari sana. Mtu asiye na pa kulala hawezi kudai kitu. Utadai saa za kupumzika vipi, na jibu likiwa "basi toka" utakwenda wapi? Kitanda kile cha akiba, hata kama hukukilalia, kilikuwa kinakusimamia nyuma ukiongea na bosi. Siasa yote ya Miina ilijengwa juu ya kitanda hicho. Watu wengi husimulia maisha yake wakianzia bungeni. Mimi nasema wanaanzia ghorofani.

Baadaye alihariri gazeti la watumishi, Palvelijatarlehti, lililoanza 1905, kisha Työläisnainen, Mwanamke Mfanyakazi. Mtu aliyesoma kwa kuokoteza, akawa mhariri. Alikuwa upande wa Wasosialdemokrasia, chama cha wafanyakazi.

Hapo nchi ilikuwa bado chini ya Urusi. Vuli ya 1905 kukatokea mgomo mkuu. Treni zilisimama, viwanda vilifungwa, na watumishi wa ndani nao walikuwemo katika vuguvugu la siku zile. Tsar Nicholas II, mtawala wa Urusi, akalegeza kamba. Mwaka 1906 Ufini ikapata bunge jipya la chumba kimoja, viti 200, na kila mtu mzima akapata kura, mwanamme na mwanamke. Tena wanawake hawakupewa kupiga kura tu, walipewa na kugombea. Kabla ya hapo bunge lilikuwa la matabaka manne, na watu wengi wa nchi hii hawakuwa na tabaka lolote lililowahesabu.

Machi 1907 ukafanyika uchaguzi. Wanawake 19 wakaingia bungeni. Hawa 19 ndio wabunge wanawake wa kwanza duniani. Duniani kote, dada zangu, tangu kuumbwa kwa mabunge. Tisa kati yao walikuwa wa chama cha kina Miina, na Miina alikuwa mmojawapo.

Bunge halikuwa hata na jengo. Vikao vya kwanza vilifanyika kwenye nyumba ya zimamoto ya kujitolea. Nawaomba mwone ukumbi huo. Yupo Alexandra Gripenberg, mwanamke wa ukoo wa kibaroni. Wapo walimu. Yupo mshonaji nguo. Na yupo mtumishi wa ndani, mwenye mikono iliyozoea maji ya moto na majivu. Wanaitwa kwa cheo kimoja: mbunge. Yule aliyekuwa anaitwa kwa kengele sasa anaitwa kwa jina na spika, na anaposimama wengine wananyamaza.

Je, mambo yakawa rahisi? Hayakuwa. Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sisi ni wepesi wa kukata tamaa. Tunaandika barua moja kwa mwenye nyumba, asipojibu tunasema hakuna haki nchi hii.

Tsar alikuwa analivunja bunge kila mara. Uchaguzi 1907, uchaguzi 1908, uchaguzi 1909, uchaguzi 1910, uchaguzi 1911. Miaka mitano, chaguzi tano! Mswada ukipita hapa, unakwama kwa Tsar. Ile sheria ya watumishi ya 1865 ambayo Miina alitaka iondoke iliendelea kukaa. Mwaka 1917 ikapitishwa sheria ya kazi ya saa nane kwa siku. Wafanyakazi wakashangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini sheria ile haikumgusa mfanyakazi wa ndani. Saa nane zilikuwa za kiwandani. Jikoni saa zilibaki zilezile za kengele.

Sheria ya 1865 ilikuja kufutwa 1922. Na sheria mahususi ya wafanyakazi wa ndani, inayomtaja yeye na kazi yake, ilipitishwa 1949. Hesabuni nami. Chama kilianzishwa 1898. Sheria imekuja 1949. Hiyo ni miaka 51. Miina alikuwa ameshatoka bungeni, bibi wa miaka 83. Lakini aliiona. Aliiona kwa macho yake.

Mimi kila nikisikia mtu anasema "tumeshapiga kelele miaka miwili hakuna kilichobadilika," namfikiria bibi yule.

Kuna jambo ambalo siwezi kuliruka, ingawa ni zito na watoto wako hapa. Vita. Januari 1918, usiku, taa nyekundu ilipandishwa kwenye mnara wa Nyumba ya Wafanyakazi, lile jengo la mawe lililo hatua chache kutoka hapa. Ilikuwa ishara kwamba mapinduzi yameanza. Wekundu, yaani wafanyakazi wa chama cha Wasosialdemokrasia, upande mmoja, Weupe, yaani watu wa serikali, upande mwingine, Mfini kwa Mfini. Vita vilichukua miezi michache tu, na hesabu ya waliokufa inakaribia 38,000. Zaidi ya 12,000 kati yao walifia kwenye kambi za wafungwa kwa njaa na maradhi, na wengi wa hao walikuwa Wekundu walioshindwa. Miina alikuwa wa chama hichohicho, lakini njia yake ilikuwa ya bunge na ya vyama, hakuamini katika bunduki. Vita vilipoisha, watu wa upande wake walikuwa wamezikwa, wamefungwa au wamekimbia. Wapo humu ndugu zetu wa Kongo na Burundi. Wao wanajua nchi inavyokuwa asubuhi ya namna hiyo, mnapokutana sokoni na kila mmoja anajua mwenzake alikuwa upande gani.

Yeye alifanya nini? Uchaguzi wa 1919 akagombea, akarudi bungeni. Akakaa kwenye chumba kimoja na walioshinda vita, akaanza tena kuzungumzia watumishi, wajane, mayatima, wazee. Mimi nadhani hilo lilihitaji moyo kuliko ule mwaka wa 1907. Kuingia mara ya kwanza watu wanakupigia makofi. Kurudi baada ya makaburi, nani anakupigia?

Desemba 1926 Väinö Tanner aliunda serikali ya Wasosialdemokrasia, serikali ya wachache, isiyo na wabunge wa kutosha kujitegemea. Akamteua Miina waziri, akiwa wa pili katika wizara ya mambo ya jamii. Mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika historia ya Ufini. Alikuwa na miaka 60. Na angalieni: mwaka uleule wa 1926 ndipo ilipopitishwa sheria ya kuwafungulia wanawake milango ya kazi za serikali kwa jumla. Na mwanamke aliyeolewa alikuwa bado yuko chini ya usimamizi wa mumewe kisheria, mpaka sheria mpya ya ndoa ilipoanza kutumika 1930. Maana yake nini? Maana yake waziri alikuwepo katika nchi ambayo mke wa mtu hakuwa na mamlaka kamili juu ya mali yake mwenyewe.

Serikali ile ilidumu mwaka mmoja, ikaanguka Desemba 1927. Hamtaniona nikiupamba mwaka huo. Wengi wakitaja jina lake wanataja uwaziri na kuishia hapo, kana kwamba alipanda ngazi, akafika juu, hadithi ikaisha. Mimi uwaziri naupa nafasi ndogo. Mwaka mmoja katika maisha ya miaka 85. Aliporudi kwenye kiti cha kawaida cha ubunge aliendelea na kazi ileile. Bungeni alikaa jumla ya miaka 38, kwa vipindi vinavyokatika na kuunga, mpaka 1947. Alikuwa na miaka 80 alipomaliza.

Na jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote alilifanya uzeeni.

Mnajua hadithi ya dada wa kazi anayepata mimba. Mnaijua, hata kama hatuisimulii mezani. Mara nyingi aliyempa mimba yumo ndani ya nyumba ileile, au ni mgeni wa nyumba ileile. Tumbo likionekana, anayetoka ni yeye. Helsinki haikuwa tofauti na Dar es Salaam katika hili. Alikuwa anatoka bila kazi, bila kitanda, bila jina zuri, na kijijini hawezi kurudi. Wengine walitenganishwa na watoto wao. Watoto wengi wa namna hiyo walikufa wachanga.

Miina aliwajua wasichana hawa tangu siku za ile nyumba ya watumishi. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1942, ikafunguliwa Helsinki nyumba ya kwanza iliyoitwa Ensi Koti. Ensi ni kwanza, koti ni nyumbani. Nyumbani pa kwanza. Mama asiye na mume anakaa na mtoto wake, pamoja, mtoto hatengwi na mama. Anafundishwa kumnyonyesha na kumlea, anapata nafuu, anatafuta kazi akiwa na anwani. Mwaka 1945 nyumba hizo zikaunda umoja wao wa kitaifa, na Miina, miaka 79, akawa mwenyekiti wa kwanza.

Mnalisikia lile swali? Usiku huu atalala wapi? Miaka zaidi ya arobaini imepita tangu nyumba ya watumishi, amepita bungeni, amepita wizarani, ameona vita vitatu, na bibi bado anauliza swali lilelile. Usiku huu atalala wapi? Na sasa ameongeza nusu: na mtoto wake je?

Umoja ule upo mpaka leo. Jina lake sasa limeongezwa neno turvakoti, nyumba za usalama, kwa sababu wanapokea na wanaokimbia kipigo ndani ya nyumba. Naomba hili mnisikilize vizuri, hasa mliokuja nchi hii kwa viza ya mume. Turvakoti ni bure. Huhitaji barua ya ofisi yoyote. Unakwenda saa yoyote, mchana au usiku, na watoto wako. Ukiogopa kwenda, ipo simu ya bure inayoitwa Nollalinja. Wapo humu waliolala kwenye nyumba hizo. Siwatazami. Nasema tu kwamba kitanda mlichokilalia kina historia, na wa kwanza kukitandika alikuwa hausigeli.

Sasa niseme mambo machache ya sisi wenyewe, kisha tule.

Leo, pamoja na kuwa siku ya Miina, ni siku ya raia kushiriki mambo ya nchi yao. Wengi wetu tunasema, "Mimi si raia, hayanihusu." Yanakuhusu. Uchaguzi wa manispaa hauhitaji uraia. Ukiwa umeishi Ufini kwa miaka miwili mfululizo ukiwa mkazi uliyeandikishwa, una kura, na unaweza hata kugombea. Miina mwenyewe alikaa miaka mingi kwenye baraza la jiji hili. Shule za chekechea, maktaba, mabasi ya saa kumi alfajiri yanayotupeleka vibaruani, hayo yanaamuliwa kule. Uchaguzi uliopita ulikuwa Aprili 2025. Ni nani hapa alipiga kura? Nyoosheni mikono. Wachache. Nimewaona.

La pili, chama cha wafanyakazi. Nchi hii haina sheria inayotaja kima cha chini cha mshahara. Mshahara wa chini unatoka kwenye mikataba ambayo vyama vya wafanyakazi vinaisaini na waajiri. Kama wewe ni msafishaji na unalipwa chini ya mkataba, yupo mtu wa kukusemea, lakini lazima ajue kwamba upo. Mimi nilifanya kazi ya usafi miezi minane nikilipwa pungufu ya haki yangu kila saa, na sikujua, kwa sababu karatasi ya mshahara niliiweka kwenye droo bila kuisoma. Aliyenisomea alikuwa mama mmoja Mfini tuliyekuwa zamu moja, anayekaribia kustaafu. Alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama kwenye mmoja akasema, "Hapa." Kesho yake tukaenda wote ofisini kwa chama. Nikalipwa tofauti yote. Leteni karatasi zenu za mishahara. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tutakaa chumba hikihiki tuzisome pamoja, na wenye Kifini kizuri wasikose.

La tatu ndilo dogo kuliko yote. Wiki iliyopita dada yetu mmoja alinipigia simu saa tano usiku akiwa kituo cha treni na mtoto wa miaka mitatu. Alikuwa amekosana na aliowafikia. Nilipiga simu sita kabla hajapata pa kwenda. Simu sita, na sisi tuko mamia jiji hili! Mtoto alikuwa amelala begani kwake na viatu mkononi.

Kwa hiyo kuna karatasi inazunguka, imeanzia safu ya nyuma. Mwenye godoro la ziada, kochi, au chumba kilichobaki wazi baada ya mwanawe kuhama, aandike jina, simu na siku anazoweza. Itakaa kwangu na kwa katibu, haitabandikwa popote. Nimeanza kuandika mimi. Kochi moja la kukunjua, usiku wowote isipokuwa Jumatano ninapokuwa zamu. Watoto wanaruhusiwa.